Lodi au rodi: siku tisa na lafudhi yangu kutoka Texas mpaka Maine

Siku ya 1, Alhamisi. Fort Worth – Cactus, Texas

Nimetoka nyumbani saa tisa usiku, Oktoba 2025, trela la friji tupu nyuma, chai kwenye chupa. Kabla sijaandika ya njiani niseme kwanza mzigo huu ulipatikanaje, maana haukupatikana kwa sauti yangu.

Jumanne nilimpigia dalali mmoja nikamwambia natafuta mzigo. Sasa mimi mtu wa Musoma, l na r zimegombana mdomoni tangu nazaliwa, na kwa hawa jamaa mzigo ni lodi, barabara ni rodi. Dalali akanijibu rodi ziko nyingi rafiki yangu, chagua yoyote, nikasikia na mwenzake anacheka pembeni, alafu akaniambia ule mzigo umeshachukuliwa. Binti yangu ana miaka 16, alikuja Marekani na miaka mitano, anaongea kama aliyezaliwa kwenye zizi la ng'ombe wa Texas. Alisikia yote. Baada ya dakika kumi akachukua simu yake akapiga namba ileile, akataja jina la kampuni yangu, na mzigo uliokuwa umechukuliwa ukafufuka! Nyama ya ng'ombe, tani kama 19, natua sehemu tatu: Des Moines, Dayton, na Auburn huko Maine. Nikamnunulia binti pizza, jioni nzima sikuwa na maneno.

Sio kwamba nimeota. Mwishoni mwa miaka ya 90 kuna profesa Mmarekani mweusi anaitwa John Baugh, alikuwa anapiga simu kwa wenye nyumba za kupanga maeneo ya San Francisco, sentensi ileile, mtu yuleyule, ila mara anaongea kama Mzungu, mara kama Mweusi wa mtaani, mara kama Mmeksiko. Kwenye mitaa ya Wazungu zile sauti mbili za mwisho zilikuwa zinaambiwa nyumba imeshapata mtu mara nyingi zaidi. Kwa hiyo binti yangu karudia utafiti wa profesa akiwa na soksi kwenye kochi.

Cactus ni mji mdogo, upepo na harufu ya machinjio. Desemba 2006 uhamiaji walivamia kiwanda cha hapa na vingine vitano vya kampuni hiyohiyo siku moja, wafanyakazi wengi walikuwa Waguatemala, wakabebwa, na baada ya hapo kazi zikajazwa na wakimbizi wenye makaratasi, Wasomali, Waburma. Kwenye foleni ya kupakia dereva mwenzangu Msomali akanisikia naongea na simu, akaniita "sema brathe, we ni wa Bongo eeh?" Kakulia Eastleigh. Tukapiga Kiswahili saa mbili nzima, yeye sheng mimi Kimusoma. Akaniambia hapa Cactus hakuna mtu anayekuuliza lafudhi yako ya wapi kwa sababu akiuliza na yeye itabidi ajibu.

Siku ya 2, Ijumaa. Cactus – Emporia, Kansas

Nimepita Guymon, nikapita Liberal. Ukitoka Liberal kwenda kaskazini saa moja na kidogo unafika Garden City, sikwenda leo ila huwa naiwaza nikipita hapa. Mji umepokea watu wa machinjio tangu Wavietnam miaka ya 80, shule zao zina lugha kibao, wenyeji wanajisifia, na ni hapohapo mwaka 2016 watu watatu walikamatwa wakipanga kulipua maghorofa ambayo Wasomali wanakaa na kuswalia. Walifungwa, mwenye kifungo kirefu alipata miaka 30. Hawakuwa watu wa mbali, ni watu wa Kansas. Ndo maana mtu akiniuliza "Kansas watu wakoje" huwa nashindwa nianzie wapi.

Sasa mizani. Sitaji ipi. Tangu tarehe 25 Juni 2025 ukikutwa dereva wa lori hujui Kingereza unashushwa palepale, lori linabaki. Sheria yenyewe ya zamani sana ila tangu 2016 walikuwa wameilegeza, mwezi wa nne Trump akasaini amri ikazwe tena. Askari anakuhoji kwanza bila mkalimani, bila simu ya kutafsiri, alafu anakuonyesha alama za barabarani useme maana yake. Na mwezi wa nane ikatokea ile ajali ya Florida, watu watatu wakafa, dereva alikuwa mhamiaji kutoka India, basi tangu hapo wenzetu wa vilemba, Makalasinga, wanaangaliwa hata wakinunua kahawa.

Mimi Kingereza najua, nimekaa hapa mwaka wa kumi na moja, CDL yangu, leseni ya lori, nilifanya kwa Kingereza. Lakini nilipoona taa ya mizani inaniita niingie, mkono ulianza kutoa jasho kwenye usukani. Maana soma sheria uone: inasema uweze kuongea na watu, kuelewa alama, kumjibu afisa, kujaza ripoti. Lafudhi haimo. Ila anayeamua kama umejibu ni sikio la mtu mmoja kaanza zamu saa kumi na mbili asubuhi na mgongo unamuuma.

Akaniuliza natoka wapi, naenda wapi, nimebeba nini. Nikawa nachagua maneno kama mtu anavuka mto kwa kukanyaga mawe, kila lenye r nalizunguka. Sikusema lodi, nikasema nyama. Sikusema rodi, nikataja namba, 54, 35. Akanionyesha alama nne nikazijibu zote. Alikuwa na adabu kwa kweli, sina la kumlaumu. Akanirudishia leseni akasema lafudhi yako nzuri, ya wapi? Nikasema Tanzania. Akasema ana shemeji alienda Kilimanjaro.

Nimelala Emporia na shati limelowa.

Siku ya 3, Jumamosi. Emporia – Des Moines, Iowa

Mvua mwanzo mwisho. Hakuna cha maana, mahindi yaliyovunwa na yasiyovunwa. Iowa niseme tu ina historia yake: 1975 gavana wao Robert Ray, Mrepublican, alikubali kupokea Watai Dam kutoka Laos wakae pamoja bila kutawanywa majimbo mbalimbali, alafu Wavietnam wa kwenye maboti wakafuata. Wazee wa hapa bado wanalisema hilo kwa fahari. Miadi yangu ya kushusha ni Jumatatu asubuhi, kwa hiyo kesho niko huru, na yule Msomali wa Cactus kanipa namba ya Mkongomani mmoja, kasema kesho ukale ugali.

Siku ya 4, Jumapili. Des Moines

Hii siku nitaiandika ndefu mnisamehe.

Ibada saa saba mchana, kwenye jengo la Wazungu, wao wanatumia asubuhi Wakongo wanaingia mchana. Watu kama mia na hamsini, kwaya tatu, gitaa limefunguliwa mpaka mwisho. Wengi Wabembe wa Fizi, wengine Wanyamulenge. Mgeni anasimamishwa, si mnajua, nikasimama nikasalimia, nikasema natoka Musoma, Tanzania, naendesha lori, nimefurahi kuwaona. Maneno ya kawaida kabisa. Kanisa zima likashangilia, watoto wakageuka kuniangalia, na mchungaji akachukua kipaza sauti akasema "mumesikia? Hiyo njo Kiswahili ya kweli."

Miaka 11 nchi hii hakuna aliyewahi kunishangilia kwa jinsi ninavyoongea. Nilijisikia mrefu, sikatai.

Baada ya ibada ugali, sombe (sisi kisamvu), ndakala (sisi dagaa) wa kukaanga. Kila anayekuja mezani anaanza kwa kuomba msamaha. "Papa, utatusamehe, sisi tunaongeaka tu ya kwetu." Kijana mmoja wa machinjio akawa ananisemesha Kingereza, nikamuuliza mbona, akasema mbele ya batu ya Tanzania anasikiaka aibu. Yaani huyu anakata nguruwe na Wamarekani siku nzima kwa Kingereza chake cha kuungaunga haoni aibu, aibu anaiona kwangu mimi mtu wa kura na kula!

Alafu kuna mama mmoja, umri wa mama yangu, kitenge cha njano, alikuwa anakula taratibu ananisikiliza tu. Akaniuliza Musoma ni mbali na Kasulu? Nikasema mbali kiasi. Akasema yeye alikimbia vita ya 96, akakaa Nyarugusu miaka 18. Sasa Nyarugusu mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, hilo tunalijua wote. Mama akasema mara nyingine mtoto anaumwa, au unataka kwenda kuuza kitu kidogo, unapanda basi bila karatasi. Basi linasimamishwa.

"Polisi alikuwa hawezi kutujua kwa sura, sura zetu si ni moja? Anakuja pa dirisha anasema tu, mama, habari ya safari. Ukijibu, umekwisha."

Nikauliza, kwa hiyo ulifanyaje.

"Nilijifunza kulala mu basi. Usingizi hata kama haiko, nalala tu. Mutoto wangu naye nilimufundisha."

Akacheka, na mezani wakacheka wote, kila mtu akaanza kutoa ya kwake, nani alijifanya bubu, nani alijifunza kusema "nzuri tu" kama Muha na hilo tu, neno la tatu hana. Mimi sikucheka sawasawa. Nilikuwa narudi Ijumaa kwenye mizani, mawe ya mto, rodi na lodi. Nilidhani ule ujanja nimeuvumbua mimi.

Na kuna kingine ambacho sikuwaambia pale mezani, nakiandika hapa. Nikiwa kijana niliuza simu Kariakoo. Mwaka wa kwanza jina langu lilikuwa Kura. "Kura, unataka kura au kula?" Asubuhi mpaka jioni, mbele ya wateja. Ilinikera mpaka nikataka kurudi kijijini. Alafu akaja jamaa mmoja wa Uvira, Kongo, kufanya kazi duka la pili, Kiswahili chake cha "minasema" na "iko hivi", na siku alipoanza kazi yule jamaa ndo siku mimi niliacha kuitwa Kura. Na nani alikuwa anamuigiza vizuri kuliko wote mbele ya wateja, mpaka watu wanashika mbavu? Mimi. Nilikuwa na kipaji. Hakukaa miezi mitatu akaondoka, sijui alienda wapi, siku nzima leo nilikuwa naangalia nyuso za wanaume wa umri wangu pale kanisani.

Mama wa kitenge kanifungia ndakala kwenye foili nizile njiani.

Siku ya 5, Jumatatu. Des Moines – mpakani mwa Indiana

Nimeshusha haraka, I-80 mpaka Davenport nikashika I-74, Peoria, Champaign. Barabara nzuri, mawazo mengi.

Kuna utafiti wa Chicago nakumbuka, wa 2010, wa Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar. Walirekodi watu wakisoma sentensi ndogondogo za maarifa, mfano kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia, wengine wenyeji wengine wenye lafudhi, alafu wasikilizaji waseme sentensi ina ukweli kiasi gani. Waliambiwa kabisa kwamba msomaji anasoma tu karatasi, sio maneno yake. Bado wenye lafudhi waliaminika kidogo zaidi, yaani pungufu. Sababu waliyoitoa sio chuki, ni kwamba sikio likipata kazi ngumu, kichwa kinachanganya ugumu na uongo. Fikiria sasa, Mtanzania mzima, twiga ni wetu, yuko mpaka kwenye nembo ya ndege, nikisema habari za twiga sina uhakika kama nitaaminika kuliko mtu wa Nebraska.

Ila nikajiuliza pia, hiyo inaelezea dalali kutonielewa. Kicheko chake haikielezei. Na kule Kariakoo yule jamaa wa Uvira tulikuwa tunamuelewa kila neno.

Siku ya 6, Jumanne. Dayton na Springfield, Ohio

Ghala la Dayton mkuu wa zamu ni Mturuki wa Ahiska. Hawa watu ukisikia habari zao utanyamaza: Stalin aliwafukuza Georgia 1944 akawatupa Asia ya kati, 1989 wakafukuzwa Uzbekistan, wakaenda Krasnodar Urusi wakanyimwa makaratasi, 2004 Marekani ikaanza kuwachukua, na wengi wakahamia Dayton kununua nyumba mbovu za bei ya bure na kuzikarabati. Mji ulikuwa unakimbiwa na watu. 2011 baraza likapitisha mpango wao, Welcome Dayton, kwamba wahamiaji waje. Saivi ukiuliza malori ya Dayton ya nani, utakuta na ya hawa Waturuki. Mkuu wa zamu Kingereza chake kizito kuliko changu, nami nikamwambia lodi bila kuogopa, akaelewa, nami nikaelewa yeye, dakika 40 niko nje. Rekodi.

Springfield ni kama nusu saa mashariki. Nikaegesha nikaingia mgahawa wa Wahaiti kula chakula cha mchana. Mnakumbuka Septemba 2024, kwenye mdahalo wa urais, ule uongo wa Trump kwamba Wahaiti wa hapa wanakula mbwa na paka za watu. Baada ya ile vilikuja vitisho vya mabomu zaidi ya 30, shule zikafungwa. Wahaiti walikuwa kama elfu 12 mpaka 15, walikuja kufanya kazi viwandani na kazi zilikuwepo. Wengi walikuwa wanakaa kwa TPS, kibali cha muda cha watu ambao nchi zao si salama kurudi, ambacho mwaka 2025 serikali ilikuwa inataka kukifuta.

Nilipofungua mlango vichwa vikageuka, mazungumzo yakakatika. Nimevaa kofia ya malori, jaketi, mweusi wa Kimarekani au wa wapi, hawajui. Nikasema habari za mchana kwa Kingereza changu cha Musoma. Mabega yakashuka. Niliona kwa macho, yule dada wa kaunta mabega yalishuka kabisa, akatabasamu, "wewe wa Afrika?" Akaniletea griot, nyama ya nguruwe ya kukaanga, pilipili yao ya kabichi wanaita pikliz, na ndizi zimepondwa zikakaangwa mara mbili. Pikliz nusu initoe roho. Mzee mmoja Mzungu alikuwa kona peke yake anakula, dada akasema huyo anakuja kila wiki tangu mwaka jana, haongei, analipa anaacha tipu kubwa anaondoka.

Kwa hiyo leo lafudhi ilikuwa kitambulisho kizuri. Kitu kilekile nilichokuwa nakificha Ijumaa.

Siku ya 7, Jumatano. Erie – Massachusetts

Chakula Utica, New York, mchana. Wabosnia walikuja hapa miaka ya 90 mji ukiwa umekufa nusu, kanisa kubwa la Wamethodisti jirani na ofisi za jiji walilinunua wakaligeuza msikiti, lipo, nimeliona. Nimekula chevapi, visoseji vyao vya nyama, nimeambiwa "bosi" na mtoto wa miaka kama 20 mwenye lafudhi ya New York tupu, baba yake nyuma jikoni anaongea kama anatafuna mawe. Mvua tena. Ndakala zimeisha.

Siku ya 8, Alhamisi. Lewiston, Maine

Nimepita Portland sikusimama. 2019 mamia ya waomba hifadhi, Wakongo na Waangola wengi wao, waliwekwa kwenye uwanja wa basketi pale, na wenyeji wakachanga hela na kuchukua familia majumbani kwao. Binamu wa mtu ninayemjua alikuwa mmoja wao.

Nimeegesha lori Auburn, nikavuka daraja la mto Androscoggin kwa miguu mpaka Lewiston, mtaa wa Lisbon. Sambusa, vitenge, maduka ya Wasomali yamepangana. Walianza kuja 2001, mji wa viwanda vya nguo vilivyofungwa. Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwaambia Wasomali wawaambie wenzao wapunguze kuja. Barua ikawafikia wabaguzi wa nje, wakaja kuandamana Januari 2003, wakatokea kama 30, na siku hiyohiyo watu kama 4,500 wakakusanyika upande wa pili chuoni Bates kuwapinga. Na 2015 timu ya mpira ya sekondari, imejaa vijana wa Kisomali, ikachukua ubingwa wa jimbo.

Lakini kilichonikaa ni hawa waliokuwepo kabla. Wenyeji wengi hapa ni Wafaransa wa Kanada, babu zao walikuja kwenye vile viwanda vya nguo. 1919 Maine ilitunga sheria masomo yafundishwe kwa Kingereza tu, mtoto akikutwa na Kifaransa mdomoni anaadhibiwa, na miaka ya 20 Ku Klux Klan ya Maine ilikuwa inawaandama wao, Wakatoliki wazungu. Mwenye duka la Kisomali akaniambia wazee wa Kifaransa wapo wanaomuelewa haraka, na wapo ambao ndo wakali kuliko wote. "Wanasema sisi tulipigwa tukajifunza, nyie mnabembelezwa." Nikamfikiria Kura.

Siku ya 9, Ijumaa. Auburn

Anayepokea mizigo mzee wa miaka sabini hivi, kibandiko cha jina la Kifaransa kifuani. Akaniambia nirudi nyuma mlango wa tatu, na ile tatu ya Kingereza, ile ya kuweka ulimi katikati ya meno, yeye akaitoa "t" kavu kabisa kama Mkuria. Kazaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa. Nikamwomba arudie. Akarudia hivyohivyo, kavu.

Amenishushia kwa saa moja na nusu, akanisainia. Akauliza sasa unaelekea wapi. Nimechoka, mawe ya mto nimeyasahau, nikamwambia ndo natafuta lodi.

Akaniangalia, akaangalia nje, akaninyooshea mkono. "Rodi? Kata kulia kwenye taa, utaiona 95 kusini."

Nikaanza kumsahihisha. Alafu nikamshukuru, nikakata kulia.